Mkate Chini ya Godoro



Juma lililopita nilipokea barua kutoka Ngagara, Kartie ya 3, iliyoandikwa na mke wa askari mmoja wa jeshi. Jina lake sitalitaja, kwani ameniomba nisilitaje, na la mtoto vilevile sitalitaja. Habari yenyewe ni hii. Miezi saba iliyopita mumewe alirudi kutoka mazishini, huko kwao milimani, akiwa amemshika mkono mtoto wa kiume wa miaka 8, mwana wa marehemu kaka yake. Mama wa mtoto huyo alikuwa amekwisha kutangulia miaka miwili kabla. Mume akasema kwamba huyu sasa ni wa nyumba hii. Siku ya nne akafunga begi lake, akarejea kazini. Mke akabaki na watoto wake watatu, na huyo wa nne.

Mtoto mwenyewe si mtundu, wala hapigi kelele. Lakini kila mama huyu anapotandika kitanda hukuta chini ya godoro vipande vya mkate, viazi vitamu vilivyochemshwa, na siku moja kiganja kizima cha ndagala zilizokwisha kunuka, sisimizi wamejipanga mstari kutoka mlangoni. Amemkanya, amemchapa mara mbili, hakukoma. Usiku hukojoa. Tena kuna jambo jingine ambalo mama huyu analiandika mwishoni, kama mtu anayeona haya kulisema: mtoto hamwiti kwa jina lolote. Hasemi mama, hasemi mama mdogo. Akiwa na shida husimama mlangoni akangoja hadi atazamwe, ndipo aseme.

Mama mkwe ameshauri mtoto apelekwe kituo cha mayatima. Mwandishi wa barua ananiuliza mambo mawili: je, mtoto huyu ni mwizi? Na je, ni dhambi mlezi kuchoka?

Nakaa Ngagara mimi mwenyewe, si mbali na soko la COTEBU, kwa hiyo barua hii sikuisoma kama habari ya mbali. Wasioujua mtaa huu niwaambie kwamba nyumba zake za kwanza zilijengwa katika miaka ya 1950 na Ofisi ya Miji ya Kiafrika ya wakati wa Wabelgiji, ndiyo maana wazee wengine bado wanauita OCAF. Nyumba zenyewe ni ndogo, zilijengwa kwa ajili ya karani, mkewe na watoto wawili watatu. Hesabu hiyo haikudumu. Mwaka 1972 ulipita, ukaja 1993 na vita vilivyoendelea zaidi ya miaka kumi, ukaja ugonjwa wa ukimwi, ikaja 2015. Na kati ya Desemba 2007 na mwisho wa 2024 vijana wetu walikuwa Somalia, na si wote waliorudi. Kila mara palipotokea msiba, mlango mmoja wa Ngagara ulifunguliwa usiku na mtoto akaingizwa ndani. Pita leo uulize nyumba kwa nyumba. Utashangaa ni nyumba ngapi zenye mtoto asiyezaliwa na mama wa nyumba hiyo, na utashangaa zaidi kwamba karibu zote hazina karatasi hata moja inayolieleza jambo hilo.

Sasa nianze na mkate.

Mwaka 1996 nilimpokea binti wa marehemu dada yangu, akiwa na miaka 6. Yeye hakuficha mkate. Alificha sukari, ndani ya kiberiti, akakishona kiberiti kwenye upindo wa gauni lake kwa uzi mweusi. Nilipokigundua palikuwa na wageni sebuleni. Nikamwita mbele yao, nikakipasua kile kiberiti, sukari ikamwagika sakafuni, nikamwambia kwamba nyumbani kwangu hakuna wezi. Mtoto hakulia. Akapiga magoti, akaanza kuiokota sukari chembe kwa chembe kwa ncha ya kidole alicholowesha ulimini. Picha hiyo ninayo hadi leo, na sina wa kumlaumu.

Jirani yangu, bibi mmoja aliyekwisha kulea wajukuu wengi, alikuwa miongoni mwa wageni. Hakunisema mbele za watu. Kesho yake alikuja asubuhi, akaniuliza swali moja tu: mtoto huyu aliwahi kukaa siku ngapi bila kula? Sikujua. Nilikuwa sijauliza. Baadaye nilikuja kujua kwamba dada yangu alipofariki, mtoto alizunguka na kundi la wakimbizi kwa majuma mawili, akilishwa na yeyote aliyemwonea huruma. Mtoto wa namna hiyo hali kwa sababu ana njaa ya leo. Anaweka akiba kwa ajili ya kesho isiyojulikana. Kumchapa ni kumthibitishia kwamba hofu yake ni ya kweli.

Bibi yule akanifundisha kazi mbili. Ya kwanza, nimpe mtoto chombo chake chenye kifuniko, akiweke chakula ndani yake waziwazi, na pasiwe na mtu wa kukigusa isipokuwa yeye. Ya pili, nimkabidhi upawa. Yaani jioni, maharagwe yakiiva, yeye ndiye agawe, kila mtu sahani yake, na ya kwake aijaze mwisho. Nilidhani bibi ananifanyia mzaha. Mtoto wa miaka 6, na maharagwe ya moto! Nikajaribu, nikiwa nimesimama karibu. Siku za kwanza alijipakulia mlima. Hakuna aliyemwambia neno. Baada ya juma la tatu au la nne mlima ule ukawa kilima, kisha ukawa sahani kama za wengine. Kiberiti sikukiona tena, ingawa ilichukua karibu mwaka mzima.

Kwa hiyo, mama mwenzangu wa Kartie ya 3, jibu la swali lako la kwanza ni hapana, si mwizi. Tafuta mkebe wa biskuti. Juu ya kukojoa, mwamshe mara moja kabla hujalala, tandika karatasi ya nailoni chini ya shuka, na asubuhi mfulie pamoja naye bila hotuba. Jambo hilo kwa kawaida hupungua hofu inapopungua. Likizidi, au likiandamana na homa au maumivu, mpeleke kwa daktari. Nami najua unachokiwaza hapo: tangu Mei 2006 matibabu katika vituo vya serikali ni bure kwa watoto walio chini ya miaka 5, na huyu wako ana 8. Hilo ni mojawapo ya mambo ambayo mlezi hulipa peke yake.

Kuhusu kituo cha mayatima. Sipendi kuwasema vibaya watu wanaofanya kazi katika vituo, kwani wapo waliookoa roho nyingi wakati ambapo sisi wengine tulikuwa tumefunga milango. Lakini kituo ni cha mtoto asiye na mtu, na huyu ana baba mdogo. Huko Bucharest, nchini Romania, kuanzia mwaka 2000 wataalamu waliwachukua watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi katika vituo. Nusu wakapelekwa kwa familia za malezi, nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Miaka ilipopita ikaonekana kwamba waliolelewa katika familia walikuwa mbele kwa akili, kwa lugha na kwa kushikamana na watu, hasa waliotolewa vituoni kabla ya kutimiza miaka 2. Lakini somo lile lina kipande cha pili ambacho wengi hukisahau wanapolisimulia: familia zile hazikuachwa peke yake. Walezi walilipwa posho, na walikuwa na mtu wa ustawi wa jamii wa kumwendea mtoto anapowashinda.

Hapo ndipo lilipo swali lako la pili, nami nataka nikae nalo kidogo.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Warundi nao husema umwana si uw'umwe, mtoto si wa mtu mmoja. Maneno mazuri haya. Lakini nimeona mara nyingi kwamba mtoto asiye wa mtu mmoja huishia kuwa wa mwanamke mmoja, yule aliyekuwa jikoni siku mtoto alipoletwa. Ukoo mzima hulia makaburini na kuahidi. Shangazi ataleta sare ya shule, mjomba ataleta gunia la maharagwe wakati wa mavuno. Maharagwe huja mwaka wa kwanza. Kisha huja maneno: kwamba mtoto amekonda, kwamba mama huyu anawapendelea wake, kwamba anamlea kwa tamaa ya shamba la marehemu. Anayeyasema maneno hayo aghalabu hajawahi kununua hata daftari moja.

La, si dhambi kuchoka. Dhambi ni kumwachia mtu mmoja mzigo wa ukoo kisha kumhesabia hatua.

Nanyi waume, hasa ninyi mnaovaa sare, mnisikilize bila hasira. Ninyi ndio mnaoleta mtoto, na moyo wenu ni mwema, maana ni damu ya ndugu yenu. Lakini baada ya siku nne mko kambini, au lindoni, au mkoani. Mkeo anabaki na mtoto asiyemjua baba yake wala tabia zake. Wewe ndiwe unayejua kwamba marehemu kaka yako alikuwa na desturi ya kumbeba mtoto begani hadi kisimani. Wewe ndiwe unayeujua wimbo aliokuwa akimwimbia. Usipoyasimulia hayo, nani atayasimulia? Ukipata simu ya dakika tano kutoka kazini, mbili kati ya hizo mpe mtoto yule. Na ujira ukitoka, sema wazi kiasi gani ni cha mtoto wa nne, ili mkeo asilazimike kukipunguza kutoka kwa watatu wake na kuwafanya wamchukie.

Watoto wa nyumbani nao wana haki ya kununa kidogo. Wamegawana kitanda bila kuulizwa.

Kuna jambo baya ambalo lazima nilitaje, ingawa halimhusu mwandishi wa barua yangu. Wapo wanaomchukua mpwa wa kike kutoka milimani wakisema wanamlea, na kumbe wamepata yaya asiyelipwa. Wa kwao wanavaa kaki asubuhi na kwenda shule. Yeye anabaki na ndoo. Akiulizwa na wageni huitwa binti yetu. Kipimo chake ni rahisi: tazama saa mbili asubuhi yuko wapi, na usiku anakula saa ngapi na wapi. Polisi wetu wanayo brigedi ya kulinda watoto, na nyumbakumi analo jicho. Jirani mwenye mashaka asikae kimya kwa kuogopa kuitwa mmbea.

Sasa karatasi. Wengi watatamani kuliruka fungu hili, nami nawaomba wasiliruke.

Nilipomlea binti wa dada yangu nilifanya makosa mawili. La kwanza, nilimdanganya kwamba mama yake amesafiri. Kila basi lililotoka milimani alikimbilia dirishani. Alipofika miaka 9 mtoto mwenziwe shuleni alimwambia ukweli katika ugomvi wa kalamu. Alinyamaza kwa siku kadhaa, kisha akaniuliza kwa nini kila mtu alijua isipokuwa yeye. Huku kwetu jina halimfichui mtoto, kwa kuwa kila Mrundi hupewa jina lake mwenyewe na ndugu wa tumbo moja huwa na majina tofauti. Ndiyo maana walezi hudhani siri itakaa. Haikai. Siku ya kuchukua karangamuntu jina la baba na la mama huandikwa pale. Mwambie mtoto mapema, kwa maneno mafupi, na urudie kila anapouliza.

Kosa la pili: sikushughulikia cheti chake cha kuzaliwa. Mtoto alisoma vizuri hadi ulipofika wakati wa kuandikishwa kwa mtihani wa taifa, ndipo karatasi ikatakiwa. Nilikwenda katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, mara sita. Mara karani hayupo, mara kitabu hakipo, mara niambiwe nimlete mama mzazi. Mama mzazi! Mwishowe ilipatikana kwa msaada wa wazee watatu waliokuja kushuhudia, lakini mtoto alikwisha kukonda kwa wasiwasi.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, usingoje. Mume wako akipata ruhusa, wazee wa pande zote mbili za mtoto wakutane. Sheria yetu ya Watu na Familia ya mwaka 1993 inalitambua baraza la familia na ulezi wa mtoto aliyefiwa. Yaliyoamuliwa yaandikwe, yatiwe sahihi, na mwulize mwenye mamlaka katika zoni namna ya kuyathibitisha kisheria. Kusanyeni cheti cha kuzaliwa na vyeti vya vifo vya wazazi wote wawili. Katika kikao hichohicho shamba la marehemu litajwe kwa mipaka yake, mashahidi wakiwapo, na iandikwe nani analilima na kwa niaba ya nani. Ukifanya hivyo, maneno ya tamaa ya shamba yanakufa siku hiyo, na mtoto akikua atakuta chake. Kama marehemu alikuwa mtumishi, askari au polisi, ulizeni mapema juu ya haki za yatima wake, kwani bila karatasi hakuna dirisha litakalofunguka.

Wengine huchanganya ulezi huu na kumwasili mtoto, yaani kumfanya mwana wa sheria. Ni vitu viwili. Kuasili kuna sheria yake ya mwaka 1999 na hupitia mahakamani, na uhusiano mpya wa uzazi huanzishwa. Mlezi hambadilishi mtoto nasaba. Ndugu zetu Waislamu wa Buyenzi wanalielewa hili kuliko sisi, kwa kuwa dini yao inaamuru yatima alelewe huku akibaki na jina la baba yake, nao huliita jambo hilo kafala. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, unaitaja kafala kwa jina, pamoja na malezi katika familia na kuasili. Zanzibar iliiweka katika Sheria yake ya Mtoto ya 2011, na Kenya katika ile ya 2022.

Majirani zetu wamelifanyia kazi jambo hili kwa namna ambayo tungeweza kujifunza. Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto ya 2009 inayoeleza nani aweza kuwa mlezi na wajibu wa ofisa ustawi wa jamii wa kumtembelea. Rwanda, ilipohesabu watoto wake mwaka 2012, ilikuta zaidi ya 3,300 katika vituo 33, ikaamua kuwarudisha katika familia. Waliokubali kuwapokea watoto wasio wa ukoo wao waliitwa Malayika Murinzi, malaika mlinzi, wakafundishwa kabla ya kupewa mtoto. Tena kila kijiji kilichagua wajitolea wawili, mwanamume na mwanamke, wawe marafiki wa familia. Nalipenda hilo la mwanamume na mwanamke. Hapa kwetu zipo kamati za kulinda watoto, na mahali pengine zinafanya kazi nzuri, lakini mlezi wa ukoo haonekani katika daftari lolote, kwa kuwa mtoto wake hakupotea wala hakupigwa. Amelelewa tu, na kulelewa hakuandikwi.

Laiti kila kambi na kila posti ya polisi ingekuwa na daftari dogo la nyumba zinazolea mayatima, ikajulikana mke wa fulani ana watoto watatu wa tumbo na mmoja wa amana! Si lazima zitoke fedha nyingi. Wake wa askari wa nyumba kumi wangeweza kupokezana alasiri moja kila juma, mmoja awatazame watoto wote, mlezi alale saa mbili. Katika upatu, huo tunaouita likelemba, zamu ya mlezi ingeweza kutangulizwa Septemba, shule zinapofunguliwa. Haya nimeyaona yakifanyika katika uwanja mmoja hapa Ngagara, kati ya wanawake saba, na hakuna mkubwa aliyewaagiza.

Jumamosi iliyopita, kwa kuwa ni mwendo wa robo saa tu, nilivaa viatu nikaenda kumwona mwandishi wa barua yangu badala ya kumjibu kwa posta. Nilimkuta akichagua mchele barazani. Mkebe wa biskuti alikuwa amekwisha kuununua, baada ya jirani mwingine kumpa shauri lilelile. Mabibi wa Ngagara wanafahamu mengi kuliko ukurasa huu. Kikao cha ukoo kimepangwa Jumapili ya pili ya mwezi ujao, na mume ameomba ruhusa ya siku tatu. Cheti cha kifo cha mama wa mtoto bado hakijapatikana. Nimemwandikia majina ya watu wa kuwaona.

Mtoto hakunisalimu kwa sauti, ila alinipa mkono. Mkate bado umo ndani ya mkebe. Lakini sasa anaubadilisha mwenyewe kila asubuhi. Ule wa jana huwamegea kuku wa jirani kupitia kwenye ua, kisha huweka mpya, hufunika, na kwenda shule.